Mwaka Tulipouza Mbuzi wa Kwenye Simu

Jumatano, wiki ya mwisho ya Februari. Joto tangu asubuhi, upepo wa vumbi jekundu umeingia mpaka ndani ya birika, wingu hakuna hata la kudanganya. Leo nimetoka kwenye taazia ya Mzee Dakane, ambaye sisi wote tulimwita awoowe, yaani babu. Wanawake tulikaa uani, wanaume chini ya turubai mbele ya nyumba, na nilipokuwa napeleka vikombe mlangoni nikakutana uso kwa uso na abti Bishaar, mtoto wa marehemu, aliyefika jana. Ni mjomba wangu kwa njia ambayo ingekula ukurasa mzima, kwa hivyo siielezi. Nikampa pole. Akaipokea vizuri, kwa heshima, macho mekundu. Halafu akainama kidogo akaniuliza, "Habiba, wale mbuzi unawakumbuka?" Mimi nikacheka. Kwenye taazia. Ilibidi nijifunike uso kwa shali haraka, mabega yakitetemeka, na mama mmoja ambaye hata simjui akanishika akanibembeleza, "Subira, binti yangu, subira, sote tunakwenda huko." Nikazidi kutetemeka. Mungu anisamehe, na huyo mama pia anisamehe, maana yeye alifanya wema na mimi nikamlipa kicheko.

Kwa hivyo nimeketi kuuandika mwaka ule, au sehemu ninayoikumbuka, maana mambo mengine nahisi nimeyaongeza mwenyewe kwa kuyasimulia mara nyingi. Nilikuwa na miaka ishirini, shule nimeiachia kidato cha pili, na abti Bishaar alikuwa amerudi kutoka chuo na mitambo yake ndani ya lori la vitunguu. Alikodi chumba juu ya duka la vitambaa, karibu na soko la mifugo, chumba chenye dirisha moja na bati linalolia jua likipanda. Mitambo yenyewe, yaani seva, ilikaa ndani ya kabati la chuma lenye taa ndogo za kijani. Pembeni kulikuwa na betri za sola, chini uani jenereta, juu ya bati dishi la intaneti likitazama mbinguni, na tena kebo nyingine ya intaneti ikipanda kwa ukuta wa ngazi, kwa sababu Bishaar alisema ukiwa na njia moja tu ya mtandao, siku ikikatika unakaa unatazama ukuta. Kazi yangu ilikuwa vumbi. Ndivyo alivyoniajiri: "Habiba, wewe ndiye mkuu wa vumbi." Nilisafisha vichujio kila asubuhi, nikapitisha tambara lenye maji sakafuni, nikatazama kipimajoto, nikatia dizeli, na mchana nikapika. Kiyoyozi kilielekezwa kwa seva, siyo kwa watu. Mutua, kijana wa Machakos aliyeandika programu, alikuwa na tabia ya kufungua kabati na kuingiza kichwa ndani akisema anakagua waya. Alikagua sana mwezi wa Machi. Ni kwa sababu yake tulizungumza Kiswahili chumbani mle, na hiki ninachoandika nusu ni cha darasani na nusu ni chake, kwa hivyo makosa tugawane.

Sasa mitambo ilikuwa ya nini? Nitaeleza nilivyoelewa, na anayejua zaidi asinicheke mbele za watu. Kuna watu duniani wananunua na kuuza sarafu za mtandaoni, zile ambazo hazishikiki. Halafu kuna wengine ambao hata hizo sarafu hawanunui. Wananunua ahadi juu ya bei yake ya siku za mbele. Hiyo ndiyo mikataba ya baadaye. Ili maelfu ya watu waahidiane kwa mpigo bila kugongana, lazima kuwe na mtambo wa kuwakutanisha: huyu anauza kwa hii, yule anataka kwa hii hii, haya, mmepatana. Kuna mtambo wa pili unaookota bei kutoka masoko kadhaa na kushika ile ya katikati, ili soko moja likidanganya lisiharibu yote. Na kuna wa tatu, ambao Mutua aliupenda kama mtoto wake, wa kulinda dhamana: kila mtu ameweka kitu kidogo mbele, na bei ikimwendea kinyume mpaka kile kitu kinakaribia kuisha, mtambo unamtoa sokoni kabla hajaanza kula cha mwenzake. Kampuni moja ya ng'ambo ilikuwa inataka mitambo hiyo. Wao wangeiweka kwenye jengo lao kubwa lenye baridi. Sisi tulikuwa tunaitengeneza na kuijaribu hapa Garissa, kwa sababu kodi ilikuwa ndogo, na kwa sababu nyingine ambayo haikusemwa kwa sauti.

Sababu hiyo ilikuwa Awoowe Dakane. Alikuwa dalali wa mifugo tangu watu wa mji huu wakifahamiana wote kwa majina, na Bishaar ndiye mtoto wa mwisho aliyebaki nyumbani, wengine walishatawanyika. Bishaar alikuwa amemwambia baba yake wazi: kampuni ikikubali jaribio, itatoa kazi ya miaka, na ataifanya hapa hapa. Ikikataa, atafunga chumba aende kuajiriwa Nairobi. Awoowe alijibu, "Sawa," neno moja, na tangu siku hiyo akawa anapanda ngazi kila asubuhi na fimbo yake. Alisema anafuata kiyoyozi. Kiyoyozi, kama nilivyoandika, hakikuelekea watu.

Alikaa kwenye mtungi wa maji uliogeuzwa, nikampa chai ya maziwa, na mahojiano yakaanza.

"Mutua. Mashine inafanya nini leo?"

"Ni dalali, awoowe," Mutua akasema, maana Bishaar alikuwa amemfundisha kueleza hivyo. "Dalali halali usingizi. Hapendelei mtu. Hana ndugu sokoni."

Awoowe akashtuka kweli. "Hana ndugu? Akigombana na mtu nani anamsimamia?"

"Hagombani, aabo," Bishaar akamwambia baba yake bila kugeuka.

"Na hiyo ingine, ya kutoa watu. Inatoa mtu bila kumuuliza?"

"Bila kumuuliza."

"Bila chai?"

"Ni mashine, aabo."

"Basi haina malezi." Akanywa kidogo. "Mashine ni safi, lakini haina malezi."

Siku nyingine Mutua akamweleza kwamba huko ng'ambo mikataba mingi haina hata siku ya mwisho, mtu anaishikilia mpaka achoke. Awoowe akaweka kikombe chini. "Mtu ameniahidi, hakuna siku. Mimi nitamdai lini?" Bishaar alikwenda pia kumuuliza sheikh wa msikiti wa jirani, na kwa haki naandika kwamba sheikh hakumfokea. Alisema kuuza usichonacho ni jambo linalotaka kikao kirefu, na siku pesa za kweli zitakapoingia warudi wakae vizuri. Kwa jaribio lisilo na pesa hana neno. Kwa hiyo Bishaar, ili kuwaridhisha wote wawili, akaamua kila mkataba wetu wa majaribio uwe na siku yake ya kuisha. Mimi niliona amefanya vyema. Bado naona hivyo, hata baada ya yaliyotokea.

Yaliyotokea yalianza na adabu. Mutua alikuwa ametengeneza wateja wa uongo ndani ya kompyuta, wananunua na kuuza mchana kutwa, na mitambo ikawamudu bila shida. Lakini bwana wa ng'ambo, yule wa kuamua, hakuridhika. Alisema wateja hao wananyooka mno. Alitaka watu wa kweli, wenye tamaa, woga, kukimbiliana na kubadilisha mawazo. Mutua akakubali: "Manze, roboti zangu zina heshima sana, hakuna hata moja inapanic." Bishaar akaenda dirishani, akatazama soko la mifugo, ambako wakati huo watu wawili walikuwa wanashikana mashati juu ya kondoo wa mtu wa tatu. "Hao," akasema.

Basi wakaweka kwenye simu za madalali soko la kuchezea. Kitu cha kuuza hakikuwa sarafu, kilikuwa mbuzi dume wa wastani, na pesa zake zilikuwa za mchezo, hazinunui hata peremende. Bei ya kweli ya mbuzi ingeletwa kutoka masoko matatu, Garissa, Bura na Ijara, mtambo ushike ya katikati. Bura na Ijara walikuwa na watu wa kupiga simu. Garissa ndiyo ilileta taabu, ingawa ndiyo ilikuwa chini ya dirisha letu. Kwetu bei haitamkwi. Wawili wanashikana mikono chini ya shali, vidole vinasema, macho yanatazama pembeni kama hawajuani, na waliosimama karibu hawaambulii kitu. Bishaar alizunguka soko lote akiomba mtu amtajie bei kwa mdomo. Walimtazama kama ameomba kuhesabu meno ya mama zao. Mutua akapendekeza kifaa kidogo cha kushonwa ndani ya shali. Nikamwambia asilirudie neno hilo akiwa kwenye ngazi, maana sauti ya ngazini ilisikika mpaka sokoni.

Mwishoni ni Awoowe aliyesema, "Mimi najua bei. Lakini kusema kwa mdomo, sijawahi, sitaanza kwa ajili ya mashine." Akavua shali begani, akaiweka juu ya mkono wake, akaunyoosha kwa mtoto wake. Ikawa hivyo kila asubuhi. Baba kwenye mtungi, mwana amepiga magoti mbele yake, mikono chini ya shali, wametazama kuta mbili tofauti. Kisha Bishaar anainuka, anakwenda kuandika bei kwenye kompyuta. Mara nyingine ilichukua muda mrefu kuliko bei moja ya mbuzi inavyohitaji. Sijui walichokuwa wanaambiana, na labda hakuna walichoambiana, labda Awoowe vidole vilikuwa vizito tu. Mimi nilikuwa nafuta kabati na kujitia kutazama vumbi. Leo ninavyoona vijana wanafanya biashara hizi kwenye simu, kimya, kila mtu na kioo chake, sina la kuwahukumu. Lakini nakumbuka kwamba theluthi moja ya bei yetu ilipita kwenye viganja viwili.

Kabla ya jaribio Bishaar aliwakusanya madalali kwenye baraza la duka la vitambaa, akawaeleza Kisomali, akarudia Kiswahili ili Mutua asikie kama hajakosea. Pesa ni za mchezo. Siku ya mwisho mtambo utapiga hesabu ya tofauti ya bei. Hakuna mtu wa kuleta mbuzi. "Tafadhali, wazee wangu, msijisumbue kuleta chochote." Wakatikisa vichwa. Aliyetikisa zaidi alikuwa Gedi, dalali mrefu mwenye sauti ya kuita ngamia kutoka ng'ambo ya mto. Gedi aliamini bei itashuka, kwa hiyo akauza kwenye simu, kwa bei ya siku ile, mbuzi wengi ambao hakuwa nao. Wenzake wakaona Gedi anauza, nao wakauza. Kwa mbuzi wa hewani walikuwa matajiri wa ajabu, wakaanza kuitana tajiri sokoni.

Siku ya mwisho ilikuwa Alhamisi. Bwana wa ng'ambo alikuwa kwenye kioo cha kompyuta akitazama, Bishaar amevaa shati lenye kola. Asubuhi Awoowe aliponyoosha mkono, Bishaar alikunja uso. "Aabo, una hakika?" Awoowe akaminya tena, kwa nguvu. Bei ilikuwa imepanda. Bura wakapiga simu: imepanda. Ijara wakapiga: imepanda, na yule mtu wa Ijara akauliza ni harusi ya nani Garissa, mbona watu wote wanatafuta mbuzi kwa simu tangu alfajiri. Mutua akaanza kukuna kichwa. Taa za kabati zilikuwa zinapepesa kama macho ya mtu aliyeingiwa na mchanga. Wauzaji wetu, waliotegemea bei ishuke, dhamana zao za mchezo zikaanza kuisha, na mtambo wa tatu ukaanza kuwatoa mmoja mmoja, bila chai.

"Nani anasukuma hii bei?" Mutua akapiga kelele. "Nani?"

Tukasikia kwato kwenye ngazi.

Gedi aliingia kwanza, kamba mkononi, nyuma yake mbuzi wamebanana mlangoni kila mmoja akitaka kutangulia. "Waryaa Bishaar! Shika mbuzi yako!"

"Mbuzi gani?"

"Ile nimeuza kwa simu. Leo si ndiyo siku? Nimenunua bei ya wazimu, wallahi, kila mtu anatafuta, lakini Gedi akisema analeta, analeta."

"Gedi, mimi nilisema hakuna kuleta! Nilisema msijisumbue!"

Gedi akamtazama kwa huruma. "Ulisema, sawa. Wewe ni mtoto wa watu, umelelewa vizuri, lazima useme tusijisumbue. Na sisi tumelelewa vizuri, lazima tulete."

Hapo nilielewa, na naapa nilimwona Bishaar naye anaelewa. Nyumba gani hapa kwetu inamwambia mgeni lete? Unasema usijisumbue, na mtu mwenye haya haji mikono mitupu. Kila aliyeuza mbuzi kwenye simu alikuwa amekwenda kutafuta mbuzi wa kweli asiaibike, na kwa kutafuta kwao wote pamoja wameipandisha bei ya kweli, na bei ya kweli imepanda kwenye mtambo, na mtambo umewatoa. Simu ya Gedi ikalia mfukoni. Akaisoma polepole.

"Imenitoa," akasema. "Mimi nimeshika mbuzi mkononi, inasema mimi sina mkataba."

"Bei imepanda, mzee, dhamana yako imeisha," Mutua akasema.

"Imepanda kwa sababu mimi nanunua mbuzi yenu!"

Mutua akakaa sakafuni. "Manze," akasema. "Hiyo ni kweli kabisa."

Wakati huo wengine walikuwa wanapanda. Mbuzi wakaingia chini ya meza, mmoja akapanda kwenye betri, vumbi la mwaka mzima nililolipigania likarudi kwa miguu minne. Kipimajoto kilikuwa kinapanda, mlango haufungiki, nikawa nawasukuma kwa ufagio na kuwaomba radhi wenyewe. Awoowe alishika wawili kwa masikio, akiwakagua meno kwa mazoea. Halafu taa zote za kijani zikazimika mara moja, zikawaka tena. Kwenye ngazi kulikuwa na dume jeupe linatafuna kebo yetu ya intaneti kwa utulivu mkubwa. Nilijua tumekwisha. Lakini Mutua alikuwa ameinuka, amebandika uso kwenye kioo, kisha akaruka juu: "Imehama! Imehama kwa dishi yenyewe! Hakuna hata oda moja imepotea!" Akamkumbatia mbuzi aliyekuwa karibu. Kwa kumtendea haki Mutua, wengine wote mle tungeweza kukumbatiwa pia, ila mbuzi ndiye aliyekuwa karibu zaidi.

Bwana wa ng'ambo naye alikuwa ameona. Aliuliza kwa haraka kama kuna watu wanatushambulia. Bishaar hajui kusema uongo, ni kasoro aliyoirithi, akageuza kamera. Yule bwana akasogeza uso karibu na kioo. Kisha akauliza, kwa Kiingereza cha upole ambacho hata mimi nilikielewa, kama yule ni mbuzi. Bishaar akasema ndiyo. Akauliza kama ni sehemu ya jaribio. Bishaar akafikiri. "Sasa ndiyo," akasema.

Jibu lilikuja baada ya sala ya alasiri. Tulikuwa tumewateremsha mbuzi wote mpaka uani kwa Awoowe. Bishaar alisikiliza simu amesimama jua kali, akisema ndiyo, ndiyo. Mitambo wameikubali. Bwana alisema hajawahi kuona jaribio la namna ile, na mtambo uliohimili siku kama ile unaweza kuhimili siku yoyote. Lakini bei ya Garissa hawawezi kuikubali, kwa sababu inatoka kwenye vidole vya mtu mmoja na hakuna wa kuikagua. Na sasa kwa kuwa kazi ni kubwa, wanamtaka Bishaar na Mutua wakae Nairobi pamoja na wenzao wengine. Tulikuwa tumesali mwaka mzima jaribio lipite ili asiende. Likapita, na ndilo lililompeleka.

"Aabo, wamekubali," Bishaar akasema.

"Alhamdulillahi."

"Lakini kazi iko Nairobi."

Awoowe alikuwa anafunga kamba kwenye nguzo. Alifunga fundo, akalifungua, akalifunga tena. "Mashine wameipenda?"

"Wameipenda."

"Vidole vyangu hawajavipenda."

"Hawajavipenda, aabo."

"Hiyo ni haki yao. Mimi pia huyo mtu simjui." Akajifuta mikono kwenye kikoi. "Nenda. Ulisema wakikubali utafanya kazi yao. Fanya. Lakini kwanza niambie, hawa mbuzi ni wa nani?"

Hakuna aliyejua. Gedi na wenzake walisema wameshaleta, na mtu mzima harudi nyumbani na kitu alichokwisha kukabidhi. Walionunua kwenye simu walisema wao walinunua namba kwa pesa za mchezo, na kula mbuzi usiyemlipia ni haramu, wakaondoka mapema wasije wakashawishika. Bishaar alisema kwa mujibu wa mtambo hakuna mbuzi yeyote. Mbuzi wenyewe walikuwa wamejaa ua mzima, wananawiri, mafuta mgongoni, wanachungulia jikoni kwa dirisha. Mutua aliuliza mara mbili, kwa sauti ndogo, kama hata mmoja hawezekani. Awoowe akamwambia, "Mwenyewe hayupo, tutamwomba nani?" Kwa hiyo jioni ile tulikaa kuzunguka sinia moja, Awoowe, Bishaar, Mutua na wengine wa nyumba, tukala wali na maharagwe, na maharagwe yalikuwa yameungua kidogo chini, kosa ambalo lilikuwa langu. Ndizi zilikuwa chache. Awoowe akaimenya ya kwake, akaivunja, na nusu kubwa akaiweka juu ya wali upande wa Bishaar.